Chuo Kikuu Chatafuta Mwalimu wa Majaribio

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Bagamoyo na pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam

Natumaini kila kikundi kimekwisha kukaa, na wale waliotoka baharini wamepata kikombe cha chai. Kiongozi wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: maabara, usaili, mhadhiri. Yaandike kwa herufi kubwa ili hata walio nyuma wayaone. Ukikosa chaki, mkaa wafaa.

Somo letu la leo limetokana na swali. Mama mmoja wa kikundi cha Zinga, ambaye kazi yake ni kuuza samaki, ana binti aliyemaliza Chuo Kikuu. Binti amepata digrii ya fizikia kwa alama nzuri sana, na sasa ameona tangazo kwamba Chuo Kikuu chataka walimu vijana wa fizikia ya majaribio. Mama akauliza hivi: “Wao wenyewe ndio waliomfundisha, na wao wenyewe ndio waliompa cheti. Mbona wataka kumpima tena? Na hiyo kazi ni kazi gani hasa, maana nikiulizwa sokoni nashindwa kujibu?” Maswali ni mawili. Nitaanza na la pili, kwa kuwa asiyeijua kazi hawezi kujua namna ya kumchagua mtu wa kuifanya.

Fizikia ni elimu ya kuchunguza vitu na nguvu zake: joto, mwanga, sauti, umeme, uzito na mwendo. Mvuvi ageuzaye tanga ili apate upepo wa ubavuni yumo ndani ya fizikia. Mama afunikaye sufuria ili maji yachemke upesi yumo ndani ya fizikia. Wanaoijua elimu hii ni wa namna mbili. Wako wa nadharia, ambao hufanya kazi kwa hesabu, kalamu na karatasi, na siku hizi kompyuta. Na wako wa majaribio, ambao huunda vyombo, hupima, hurudia kupima, kisha hutuambia ulimwengu umejibu nini. Wewe uliyepanda jahazi umewaona wote wawili. Mzee mmoja amekaa shetrini, asema, “Kwa mwezi huu na kwa saa hii, hapa maji ni pima nne.” Huyo ametumia akili na kumbukumbu, na huenda amesema kweli. Lakini yuko kijana omoni anayetupa bildi. Bildi ikigusa chini, aisoma kamba. Nahodha mwenye busara humsikiliza mzee, ila chombo hukipeleka kwa bildi.

Basi mwalimu wa fizikia ya majaribio ni mtupa bildi. Nyumba anamofanyia kazi yaitwa maabara. Hilo ndilo neno letu la kwanza. Lisomeni kwa pamoja: ma-a-ba-ra.

Sasa tufanye jaribio moja hapa hapa darasani, msije mkasema nawahadithia tu. Kiongozi, chukua uzi mrefu, ufunge jiwe dogo. Fundi cherehani wa kikundi atakuazima utepe wake wa kupimia. Pima kutoka pale utakapoushika uzi hadi katikati ya jiwe, iwe mita moja kamili, yaani sentimita 100. Shika uzi juu, mkono usitikisike. Ni afadhali uufunge kwenye msumari wa boriti. Vuta jiwe kando kidogo tu, kama upana wa kiganja, kisha liachie. Kwenda na kurudi ni moja. Hesabuni mpaka ishirini, na mwenye saa atazame sekunde. Nangoja.

(Hapa redio ilinyamaza dakika mbili.)

Haya. Mkiwa mmepima vizuri, mmepata karibu sekunde 40. Sasa badilisheni jiwe, mfunge lililo zito mara mbili, urefu ubaki ule ule. Najua wako watakaosema jiwe zito litakwenda upesi zaidi. Wacheni waseme, kisha mhesabu tena.

(Redio ilinyamaza tena.)

Ni sekunde 40 tena, au karibu yake. Uzito haukubadilisha kitu. Lakini ufupisheni uzi uwe robo mita, yaani sentimita 25, nanyi mtaona mara ishirini zaisha kwa sekunde 20 tu, nusu ya muda wa kwanza. Jaribio hili lafanyika kwa kamba na jiwe, na wanafunzi wa Chuo Kikuu nao hulifanya, ila kwa vyombo vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Nina hakika kwamba vikundi havikupata jibu moja. Kimoja kimepata 40, kingine 38, na labda kiko kilichopata 46. Katika kikundi kilichopata 46, yuko mtu aliyesema, “Tuandike 40, kwa sababu mwalimu wa redio amesema 40.” Mtu huyo ni mpole na ana adabu, lakini hafai kuwa mwalimu wa majaribio. Yuko mwingine aliyesema, “Jaribio hili ni la uongo, tuliache.” Naye hafai. Anayefaa ni yule aliyeandika 46 kama ilivyo, kisha akauliza: kwa nini? Akaupima uzi tena, akaona umezidi kwa theluthi nzima ya mita. Na kikundi kilichopata 38, mjiulize kama mlisema “moja” pale pale mlipoliachia jiwe. Mkifanya hivyo, mkifika ishirini jiwe litakuwa limekwenda na kurudi mara 19 tu.

Iko hadithi ya kweli juu ya jambo hili, na ni ya nchini kwetu. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Huchemsha maziwa na sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia ndani ya jokofu. Siku moja nafasi jokofuni ilikuwa ikienda kwisha, na Mpemba akatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta yake yameganda, na ya mwenzake aliyeyapoza kwanza bado hayajaganda. Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mpemba akaendelea na masomo Mkwawa, Iringa, na huko pia swali lake likafanyiwa mzaha. Siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwingereza, jina lake Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Mpemba akasimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawasawa, kimoja cha joto la nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukavitia jokofuni, kile cha nyuzi 100 chaganda kwanza. Kwa nini? Wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, wala hakusadiki upesi. Aliporudi Dar es Salaam alimwambia fundi wa maabara afanye jaribio hilo. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Aliijua fizikia ya kitabuni, maskini, akaona aibu kwa niaba ya maji. Lakini walipima tena na tena, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la Kiingereza la ufundishaji wa fizikia. Mpaka leo wanasayansi wabishana kama jambo hilo hutokea kila mara, na kwa nini. Wako waliopima wakaliona, na wako waliopima wasilione. Lakini jina la kijana wa Magamba limo katika vitabu vya dunia nzima, kwa kuwa aliandika alichokiona, na kwa kuwa Chuo Kikuu kilikuwa na mwalimu wa majaribio aliyekubali kwenda kupima. Angekuwa mwalimu mwingine, swali lingekufa Iringa.

Huenda mtu wa Mlingotini au Kerege akasema, mambo haya ni ya wasomi wa Mlimani, yanihusu nini? Yakuhusu, ndugu yangu. Mwalimu amfundishaye mtoto wako fizikia katika shule ya sekondari alifundishwa Chuo Kikuu, au alifundishwa katika chuo cha ualimu na mtu aliyefundishwa Chuo Kikuu. Kama kule juu hapana aliyewahi kushika chombo, basi na huku chini chombo kitabaki ndani ya sanduku. Mimi nilisoma katika shule ambayo sitaitaja jina. Maabara ilikuwako, yenye meza za saruji na mabomba ya maji, na kufuli mlangoni. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, lakini aliviogopa vile vyombo. Akatuchorea majaribio ubaoni, nasi tukakariri majibu ya majaribio ambayo hatukuyafanya. Wengi tulifaulu. Hata hivyo, kabla ya kuwa mtu mzima sikupata kuona jiwe likining’inia kwenye uzi kwa ajili ya kupimwa.

Tena iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, pale Dar es Salaam, ambako wagonjwa wengi kutoka pwani yetu huenda kutibiwa kwa mionzi. Daktari hamwekei mgonjwa mionzi kwa kukisia. Yuko mtu wa fizikia anayepima na kuhesabu. Mionzi ikizidi huunguza nyama nzima, ikipungua ugonjwa hubaki. Iko Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo hukagua mashine za eksirei na vitu vingine vyenye mionzi. Watu hao wote walianza kujifunza kupima mahali fulani, chini ya jicho la mwalimu fulani. Kwa hiyo Chuo Kikuu kikimchagua mwalimu mmoja kijana leo, chamchagua mtu atakayefundisha kwa miaka 30 au zaidi. Akiwa mzembe wa vipimo, uzembe wake utakuwa na wajukuu.

Sasa swali la kwanza la mama: huchaguliwaje?

Nianze nyuma kidogo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kwa masomo ya sheria tu na wanafunzi wasiotimia 20. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, mahali tunapopaita Mlimani. Masomo ya sayansi yakaanza 1965, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha nchi yetu. Hapo mwanzo walimu wengi wa sayansi walikuwa wageni, kama yule Osborne. Chuo kikafanya kama mkulima afanyavyo na mbegu: wanafunzi waliofanya vizuri kupita wengine walibakizwa, wakapelekwa kusoma zaidi, wakarudi kufundisha. Desturi hiyo ndiyo iliyozaa ngazi za walimu tulizo nazo. Ngazi ya chini ni mkufunzi msaidizi, mwenye digrii ya kwanza. Juu yake yuko mhadhiri msaidizi, mwenye digrii ya pili, iitwayo uzamili. Kisha mhadhiri, ambaye kwa kawaida ana digrii ya tatu, yaani uzamivu. Hapo ndipo hupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Mhadhiri ndilo neno letu la pili: mtu atoaye mhadhara, yaani somo la Chuo Kikuu. Binti wa Zinga ataanzia ngazi ya chini.

Kwanza idara ya fizikia yaangalia upungufu wake. Labda mzee amestaafu, au wanafunzi wameongezeka. Lakini idara haiwezi kuajiri kwa kupenda tu. Lazima nafasi iwe ndani ya ikama, maana yake hesabu ya watumishi ambao serikali imekubali na kutenga mishahara yao, na lazima kipatikane kibali. Hapa ndipo mambo hukawia, na wakati mwingine kazi za idara husukumwa na watu wachache mpaka kibali kije.

Kikija kibali, nafasi hutangazwa. Kwa vyuo vya serikali, siku hizi tangazo hutolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, ilivyorekebishwa mwaka 2007. Maombi hupelekwa kwa mtandao wa kompyuta. Barua ya maombi yaweza kuandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Nasema hivyo kwa sababu wako wanaodhani Kiswahili hakiruhusiwi. Matangazo mengi hutaka digrii ya kwanza yenye wastani wa alama 3.8 katika 5, na kwa mhadhiri msaidizi, digrii ya pili yenye wastani wa 4.0. Mwombaji huambatanisha vyeti vyake kamili, kwa kuwa karatasi ya matokeo tu haikubaliwi, na hutaja wadhamini watatu wanaomjua. Mwenye cheti cha chuo cha nje hukipeleka kwanza Tume ya Vyuo Vikuu kithibitishwe. Na hapa nipaze sauti: Sekretarieti haitozi ada. Mtu akikupigia simu akasema mtumie fedha ili jina la mwanao lipite, huyo ni mwizi.

Baada ya hapo majina huchambuliwa, na wanaoonekana wanafaa huitwa kwenye usaili. Usaili ni neno la tatu, nalo latoka katika kusaili, yaani kuuliza. Huko mtu huandika mtihani, hukaa mbele ya jopo akaulizwa, na katika kazi za ualimu wa Chuo Kikuu huweza kutakiwa afundishe somo fupi mbele ya watu wanaolijua.

Mama wa Zinga asema, cheti si chatosha? Mama, fikiri hivi. Pale mjini Bagamoyo tuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ile TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Wakitaka mwalimu wa ngoma, nani atamwajiri mtu bila kumsikia akiipiga? Na ukitaka fundi wa kukujengea mashua, huendi ufukweni kumwuliza alipata alama ngapi. Wataka kuiona mashua aliyoijenga mwaka juzi, kama bado yaelea au yavuja.

Lakini sisemi cheti ni bure. Cheti ni ulinzi wa mnyonge. Zamani, na hata leo mahali pengine, mtu hupata kazi kwa kuwa mjomba wake yumo ofisini. Alama 3.8 haimjui mjomba wa mtu. Binti wa muuza samaki akiwa na alama hiyo, na mtoto wa mkubwa asiwe nayo, mlango wafunguka kwa binti. Ndiyo maana naipenda sheria hii, pamoja na ugumu wake. Ila yafaa tujue kwamba alama hupatikana zaidi kwa kalamu. Mtu aweza kupata 4.5 naye hajawahi kutengeneza chombo kilichokufa. Kwa hiyo alama zimpeleke mtu mpaka mlangoni; akifika ndani, apimwe mikono.

Ningekuwa mimi katika jopo, ningemwita kila mwombaji maabarani, nimpe mita ya umeme ambayo waya wake mmoja umekatika ndani, nisimwambie. Kisha ningekaa kimya nitazame. Mmoja ataandika namba zisizo na maana na kusema amemaliza. Mwingine atalaumu mita. Yuko atakayegusa waya mmoja baada ya mwingine mpaka aione ile mbovu, aombe bisibisi. Huyo nitamwekea alama ya nyota. Kisha ningeuliza: tuambie jaribio lako lililoshindikana. Asemaye kwamba majaribio yake yote yalifaulu, ama hakufanya mengi, ama haelezi yote. Na swali la tatu lingekuwa juu ya fundi sanifu wa maabara, yule mtu ambaye hana digrii kubwa lakini ndiye ajuaye kila kifaa kilipo. Mwalimu kijana anayemdharau fundi sanifu hatafika mbali. Ungesikia Osborne alisema nini juu ya maji ya Mpemba kama fundi wake angekuwa mtu wa kuogopa kusema alichokiona?

Jambo jingine wakubwa wa vyuo walijua, ingawa hawalisemi sana. Mtu wa nadharia ni rahisi kumweka. Mpe meza, kompyuta na mlango ufungikao, kazi yaendelea. Mtu wa majaribio ana gharama. Ataka pampu za kutoa hewa ndani ya chombo, ataka vipimo vya joto na mwanga, ataka umeme usiokatika katikati ya kazi ya saa kumi. Na sisi wa pwani twajua adui mwingine: hewa ya chumvi. Ile inayokula mabati ya nyumba zetu Mbweni na Kunduchi hula pia miguu ya shaba ya vyombo vya maabara. Kifaa kimoja kikifa, kipuri chake huenda kikatoka ng’ambo, na miezi yapita. Kwa hiyo kishawishi kipo cha kuajiri wa kalamu siku zote. Chuo kikifanya hivyo kwa miaka 20, siku moja kitakuta kina walimu wengi wa fizikia na hakuna hata mmoja awezaye kufungua mashine.

Vyuo vingi vya Marekani humpa mhadhiri mpya wa majaribio fungu la fedha la kuanzia maabara yake, siku ile ile anayoajiriwa. Kwetu jambo hilo si la kawaida. Kijana huingia katika maabara ya wakubwa zake na kushirikiana nao. Si vibaya sana, kwa sababu hujifunza. Uko pia mpango wa Chuo Kikuu cha Uppsala, huko Sweden, ulioanza mwaka 1961, wa kusaidia sayansi katika nchi kama zetu. Kwa njia hiyo walimu kadha wa fizikia wa Dar es Salaam wamesoma digrii zao kwa kwenda na kurudi: miezi kadha Sweden kwenye vyombo vikubwa, kisha nyumbani kwenye kazi yao. Kazi moja waliyoishughulikia sana ni ya utando mwembamba, mwembamba kupita unywele mara nyingi, wa kunasa mwanga wa jua na kuugeuza umeme. Mimi napenda mpango wa namna hii kuliko kumpeleka kijana ng’ambo miaka mitano mfululizo. Anayerudi kila mwaka hasahau kwamba umeme wa kwao hukatika, naye huunda jaribio linaloweza kuvumilia. Hivi karibuni, kuanzia 2021, serikali ilianza pia mradi wa vyuo vikuu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ambao ndani yake mna kujenga maabara na kusomesha walimu vijana. Maabara mpya ni jambo jema. Walakini jengo halitupi bildi.

Basi mama wa Zinga, ukiulizwa sokoni, jibu hivi: binti yangu aomba kazi ya kuwafundisha vijana kupima vitu bila kujidanganya. Na ukiwa nyumbani, mwulize yeye mambo haya. Je, jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa ni lile lile lililo kwenye vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa? Herufi moja tu ikitofautiana yaweza kumchelewesha. Je, wadhamini wake wanajua kwamba amewataja? Je, ameandika katika barua yake majaribio aliyoyafanya kwa mikono yake, chombo gani alikitumia, na alipata nini? Wengi huandika “mimi ni mchapa kazi” wakaishia hapo. Aandike, kwa mfano, kwamba alipima paneli ya jua kwa miezi mitatu, na kwamba mwezi wa pili namba zilikataa mpaka alipogundua vumbi. Jopo litakuwa na la kumwuliza. Akikosa mara ya kwanza, nafasi hutangazwa tena, na katika muda huo afundishe sekondari. Shule nyingi za kata zamngoja kwa hamu, na mwaka mmoja wa kufungua makufuli ya maabara si mwaka uliopotea.

Na mama mwingine aliniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kama kazi hii ni ya mwanamke. Hapa Bagamoyo tunayo Shule ya Wasichana Marian, ambayo wasichana wake wamesifika nchi nzima kwa kufaulu, hisabati na sayansi zikiwamo. Wanawake katika maabara za fizikia bado ni wachache, hilo ni kweli, lakini waya uliokatika haujui aliyeushika.

Muda wetu wakaribia kwisha. Kiongozi wa kikundi, someni tena yale maneno matatu yaliyo ubaoni, kila mtu kwa zamu, na asiyeweza asaidiwe na jirani yake. Kisha kila mwanafunzi aandike daftarini mstari mmoja tu wa barua ya kuomba kazi, kazi yoyote, akitaja kitu kimoja alichokifanya kwa mikono yake. Asiandike sifa. Wavuvi waandike nyavu, mafundi waandike milango, akina mama waandike walichokipika au walichokilima.

Kazi ya nyumbani ni hii. Chukueni lita moja ya maji ya bahari, mchemshe polepole mpaka yakauke, mpime chumvi iliyobaki kwa mizani ya muuza duka. Vitabuni imeandikwa karibu gramu 35. Maji ya mlangoni mwa mto Ruvu yaweza kutoa pungufu kabisa ya hapo, kwa hiyo andikeni mlikoyachota, na kama bahari ilikuwa ikijaa au ikitoka. Leteni namba mliyoipata, hata kama si 35. Juma lijalo, siku hii na saa hii, tutajifunza kusoma vipimo vya dawa vilivyoandikwa kwenye chupa. Msisahau vijiko. Kwaherini.